Barua kwa mwanangu: Usimshinde mtu mbele ya watu wake

Kitangari, Newala

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima. Mjomba wako mkubwa analalamika goti, lakini shambani anakwenda, na akirudi analalamika tena. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza usiku, watu wameshalala. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu sauti ya simu hapa nyumbani haina siri. Ukibonyeza tu, hata aliyekuja kuazima kinu anasikia, na jambo la wifi yako si la kusikilizwa uani.

Umelieleza kwa hasira, mbele nyuma, nyuma mbele, kwa hiyo acha nilipange nione kama nimekuelewa. Wifi yako, huyo anayekaa Lindi na mama mkwe wako, aliandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao kwamba wako watoto wanaomkumbuka mama yao siku ya Idi tu, wakati wa kupiga picha. Jina hakutaja. Wewe ukajua mnasemwa wewe na mumeo. Ukakaa usiku ukatafuta kwenye simu miamala yote ya pesa mliyotuma tangu Ramadhani, ukaipiga picha mmoja mmoja, ukaimwaga kundini, na chini yake ukaandika, "Nani wa picha hapa?" Tangu siku hiyo kundi limenyamaza, mumeo hasemi lolote, na wifi yako hapokei simu. Sasa unaniuliza: Mama, nina haki au sina? Na je, ni mimi wa kwenda kumwomba radhi?

Haki unayo. Pesa mlituma, na aliyesema hamtumi kasema uongo. Hilo nalimaliza hapa na sitalirudia, kwa sababu silo lililoninyima usingizi. Lililoninyima usingizi ni lile ambalo hukuniuliza, nalo ni mahali ulipomjibia. Mbele ya kaka zake. Mbele ya watoto wa kaka zake wanaomwita shangazi. Mbele ya wakeze kaka zake, ambao kila mmoja ana lake moyoni juu yake na walikuwa wakingoja mtu amseme. Neno langu unalijua tangu unasoma shule ya msingi, ulipokuwa ukirudi na kesi za wenzako: usimshinde mtu mbele ya watu wake. Mtu uliyemshinda mbele ya watu wake hujamshinda, umemwahirisha. Atarudi, na siku hiyo hatakuja na lile lile la mwanzo, atakuja na aibu yake.

Najua utasema, lakini yeye ndiye aliyeanza, na alianzia hapo hapo mbele ya watu. Ni kweli, alianza yeye. Ngoja basi nikusimulie habari ya shamba la juu. Unaijua nusu. Nusu nyingine sikuwahi kukwambia, na mpaka leo nikiikumbuka mkono unanitetemeka.

Babu yako alipofariki korosho haikuwa na maana. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kuuliza mikorosho ya marehemu inapaliliwa na nani. Ni mjomba wako, mimi na mama yako mdogo tuliokuwa tukifyeka chini ya miti. Ni sisi tuliokuwa tukikopa pampu na salfa kila ukifika mwezi wa sita ili ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, usiunguze maua, tukirudi nyumbani macho yamevimba. Halafu ukaja msimu wa 2017, bei mnadani ikakaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Watu wakajenga, wakanunua pikipiki, na wengine wakakumbuka ukoo. Mwaka uliofuata ndio ule Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi, akatangaza kwamba Serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300, na wanajeshi wakaja kusomba magunia maghalani. Wakati huo korosho ndiyo ilikuwa habari ya kila nyumba, na kila shamba lilikuwa na wenyewe wawili.

Sisi wenzetu walikuwa watoto wa shangazi yangu. Huyo mkubwa wao, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuja na neno. Akasema: kwa mila yetu Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume inakwenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Ardhi ile ni ya ukoo wao, babu yenu aliitumia tu. Sisi tukasema: dini yetu inampa mtoto urithi wa baba yake, na mikorosho ile mingine tumeipanda kwa mikono yetu. Wote wawili tulikuwa na la kusema, mwanangu, ndiyo maana ilikuwa ngumu. Kama mmoja angekuwa mwizi tu, tungeita mgambo tukalala.

Jambo likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Baraza lile ni watu saba, na sheria inataka watatu katika hao wawe wanawake. Limewekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kazi yake ni kusuluhisha. Halimfungi mtu wala halimlazimishi. Mkishindwana, mnakwenda mbele. Siku ile tulikaa chini ya mwembe, nje ya ofisi ya kijiji. Kijiji kizima kilikuwa pale, maana kesi ya mikorosho watu wanakuja kuisikiliza kama harusi. Binamu yangu alikuja na wanawe wakubwa watatu na wakwe zake wawili kutoka upande wa Mahuta.

Akasema kwa muda mrefu. Alikuwa na ulimi mzuri, hilo tumpe. Alipoona watu wanatikisa vichwa, akanogewa. Akasema hawa si watu wa ukoo huu, ni watoto wa mwanamke aliyekuja hapa na kanga moja kiunoni, akapewa pa kulala, na leo wanawe wanataka na pa kulima. Alisema hivyo juu ya bibi yako. Bibi yako alikuwa hai. Alikuwa amekaa palepale mkekani, nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake ikibadilika.

Sasa sikiliza ile nusu usiyoijua. Mjomba wako alikuwa na karatasi mfukoni. Aliikuta kwenye sanduku la marehemu, imekunjwa ndani ya msahafu. Karatasi hiyo ilikuwa na dole gumba la binamu yangu, na mashahidi wawili, mmoja wao yuko hai mpaka leo. Ilisema kwamba yeye hatadai mti hata mmoja katika shamba lile, wala watoto wake hawatadai, na ilieleza kwa nini. Babu yako alimwokoa katika jambo fulani. Jambo lenyewe siliandiki. Ukija nitakwambia, au nisikwambie. Lakini lingesomwa pale, kesi ingeisha kabla ya adhana ya alasiri, na binamu yangu asingeweza tena kutazamana na wakwe zake.

Nilimgusa mjomba wako begani. Nikamgusa tena. Nilikuwa namwambia kwa vidole, itoe, itoe, wamemtukana mama. Yeye hakugeuka. Akasimama, akaomba ruhusa kwa mwenyekiti wa baraza, akasema, "Naomba nizungumze na kaka yangu kidogo pembeni." Alimwita kaka, baada ya maneno yote yale! Wakaenda nyuma ya ghala, wawili tu. Watu wakaanza kununua karanga. Waliporudi binamu yangu alikuwa kimya, na macho yake yalikuwa chini, lakini watu hawakujua ni kwa nini. Mjomba wako akasema mbele ya baraza kwamba wamekubaliana: upande wa barabarani, wenye mikorosho mikubwa ya zamani, utakuwa wa watoto wa shangazi. Upande wa bondeni, tuliopanda sisi, utakuwa wetu. Baraza likaandika, wote wakatia sahihi, mwenyekiti akaomba dua.

Karatasi sikuiona tena. Siku za mbele nilimuuliza mjomba wako iko wapi. Akasema, "Nimempa mwenyewe." Alimpa kulekule nyuma ya ghala, na hatukuwa na nakala.

Unaona sasa kwa nini nakwambia mkono unatetemeka. Maana mikorosho ile ya barabarani ndiyo niliyokua chini yake. Kuna mmoja matawi yake yalikuwa yamelala chini kabisa, tulikuwa tunapanda bila kushika, bibi yako anapepeta mtama kivulini na sisi tuko juu tunakula mabibo mpaka midomo inachubuka. Mjomba wako aliutoa huo pamoja na mingine yote, kwa mtu aliyemtukana mama yetu dakika chache kabla, na yeye ana karatasi mfukoni. Miezi mingi tulisalimiana mimi na yeye kwa sababu ya watu tu.

Bibi yako hakusema kitu siku ile. Jioni tu, akiwa anakoka moto, alisema, "Mwanangu amenisitiri." Nikamwambia, mama, amekusitiri wewe au amemsitiri yeye? Hakunijibu. Sijui kama alinisikia.

Sasa nikupe na upande wa pili, nisije nikakudhulumu. Baba yako alipofariki, unakumbuka aliyefika kwanza kutoka nje ya kijiji. Ni huyo huyo binamu yangu. Alisimamia kaburi, alisimamia mchele, alilala matangani mpaka tulipoanua. Mtani wetu alipomtania pale msibani, kwamba amekuja kupima mashamba ya mjane, watu wote walishtuka, lakini yeye alicheka, akatoa pesa ya utani, jambo likapita. Halafu mimi nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, na miezi ile iliangukia kwenye kupuliza. Mwanamke wa eda haendi kubeba pampu shambani. Mikorosho yetu ya bondeni nani aliipuliza? Wanawe wale watatu, waliokuwa wamesimama nyuma yake chini ya mwembe. Walikuja asubuhi kabla ya upepo, wakapuliza, wakaondoka bila kuomba hata chai. Msimu ule ndio uliokulipia ada ya mwaka wa mwisho chuoni. Ungekuwa umejibiwa na ile karatasi, mwanangu, sijui ada ingetoka wapi.

Nasema hivyo, halafu najijibu mwenyewe: pengine wangekuja tu. Huku kwetu msiba hauchagui, hata mliyegombana naye anakuja kuchimba kaburi. Pengine binamu yangu alikuwa na moyo mzuri wakati wote na ni ulimi tu uliomponza siku ile. Najiambia hivyo, halafu nawakumbuka niliowaona na macho yangu, walioshindana barazani na wasizikane mpaka leo. Nyumba iko ng'ambo ya njia, jeneza linatoka, na mwenye haki yake amefunga mlango. Kwa hiyo siyo kweli kwamba kila mtu huja.

Na bado kuna hili. Binamu yangu naye amekwenda. Wanawe wameuza upande wa barabarani, wote, kwa mtu wa mbali asiyejua habari zetu. Mwenye shamba mpya ameng'oa mikorosho ya zamani apande mbegu mpya zinazozaa mapema. Ana haki, kanunua. Nilipita pale kwenda Newala, nikamwambia dereva wa bodaboda aendeshe haraka. Ule uliolaza matawi haupo. Nikajiuliza tena: mjomba wako alinunua nini kwa ile mikorosho? Alinunua amani yetu, au alitoa kitu kilichokuwa cha wote kwa sababu yeye hapendi ugomvi? Maana wako watu wa namna hiyo, na lazima nikutahadharishe nao. Wanaitwa wapole, wapatanishi, kumbe wanakimbia kelele tu, na wanazilipia kwa mali ya wenzao. Mjomba wako siyo hivyo. Nadhani siyo hivyo. Mtu anayekimbia kelele asingeweza kukaa na karatasi ile mfukoni, anatukaniwa mama yake, asiitoe. Ile ni nguvu.

Baadaye, kama unavyojua, na mimi nilichaguliwa kuingia katika baraza lile, mmoja wa wale wanawake watatu. Nikaona kwa upande mwingine. Niliona kwamba mambo mengi tunayoyakaa siku nzima chini ya mwembe yalikuwa yameshaisha jana yake usiku, au yalikuwa yameshaharibika jana yake usiku. Sisi wanawake tulikuwa na desturi yetu, haikuandikwa popote. Siku moja kabla ya kikao tunagawana, mmoja anakwenda kwa mdai, mwingine kwa mdaiwa, kama tumepita kusalimia tu. Tunakaa jikoni. Tunauliza swali moja: ukitoka kesho pale barazani, unataka watu waseme nini juu yako? Hakuna aliyewahi kunijibu kwanza "waseme nimepata hatua kumi za shamba." Mmoja alitaka waseme hakumwonea yatima. Mwingine alitaka waseme yeye siyo mgeni hapa. Ukishalijua hilo, shamba linagawanyika. Usipolijua, hata ukimpa mtu shamba lote ataondoka amenuna.

Na naona wenye sheria nao wamefika hapo hapo. Zamani Baraza la Kata lilikuwa linaamua kesi za ardhi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 limeondolewa kuamua, limebakiziwa kusuluhisha tu, na limepewa siku thelathini. Likishindwa ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hata ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu mtu aamke tu na kupeleka talaka mahakamani, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Lazima kwanza upite baraza la usuluhishi. Na kabla ya sheria hizo zote, Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, imeshatuagiza: mkichelea mfarakano wa mume na mke, mpelekeni mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Angalia idadi yao. Wawili, wala siyo kundi zima la ukoo.

Lakini nakurudisha kwa wifi yako, kwa sababu kuna jambo nililiona katika maneno yako na wewe mwenyewe hukuliona. Ulisema, "Sisi tulishapanga na mume wangu, kila mwezi tunatuma kiasi hiki." Nikajiuliza: walipanga na nani? Tangu mama mkwe wako apooze upande, anayemgeuza usiku ni wifi yako. Anayemwogesha ni yeye. Kazi yake ya kuuza vitenge aliiacha. Je, mlipokaa Dar es Salaam mkapanga kiasi, mlimpigia mkamuuliza kinachotosha ni kiasi gani? Nadhani hamkumuuliza. Mlituma pesa nyingi, kwa moyo safi, kwa hesabu zenu.

Wewe ulikuwa shule Mtwara mjini mwaka 2013, wakati watu walipopinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, utakumbuka kuliko mimi. Januari ile kulipochafuka, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuja mwenyewe akakaa na watu wa makundi mbalimbali, pakatulia. Ilipofika Mei, bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni na ikajulikana bomba linakwenda Dar es Salaam kama lilivyopangwa, moto ukarudi, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Ulinipigia unalia, mmefungiwa bwenini. Siko hapa kusema nani alikuwa na haki, yamesemwa na wakubwa kuliko mimi. Nakukumbusha tu lile lililokuwa midomoni mwa watu kila ulipopita, sokoni, kwenye basi, msikitini: hatukuulizwa. Watu wengi wala hawakujua gesi inapimwaje. Walichokijua ni kwamba jambo lao limekatwa mbali, na wao wanaletewa taarifa. Kumpatanisha mtu baada ya jambo kukatwa ni kazi ngumu sana, hata kama ulichomkatia ni kizuri.

Wifi yako alisema uongo, kwamba hamtumi. Lakini mtu mara nyingi husema uongo mdogo kwa sababu kweli yake kubwa hana pa kuisemea. Kweli yake nadhani ni hii: hamkuniuliza, na hamnioni. Wewe ukamjibu kwa miamala. Ukamjibu uongo wake vizuri sana, na kweli yake haikujibiwa.

Umeniuliza kama ni wewe wa kwenda kumwomba radhi. Kumwomba radhi kwa lipi? Kwa kutuma pesa, hapana. Mimi sikukulea umwombe mtu radhi kwa jambo ulilolifanya kwa haki, hiyo siyo suluhu, ni kujidhalilisha, na mtu akizoea kujidhalilisha watu humzoea hivyo. Kwa kusema ukweli, hapana pia. Ila kwa mahali uliposemea, hilo liko kwako, na hilo unaweza kulisema kwa mdomo wako bila kupungukiwa kitu: "Wifi, nilikujibu mbele ya watu, halikuwa jambo la mbele ya watu." Hapo ndipo ukomee. Usiongeze "lakini na wewe." Ukiongeza tu hilo, umeanza upya.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na mjomba wako mpaka leo, sikufichi. Yeye anaamini ukishaanza kutoa, utoe vyote, heshima na mali, ili mwenzako asibaki na la kudai. Mimi nasema heshima ya mtu mpe yote, hata kama hajaiomba, hata kama amekutukana. Ile karatasi kutosomwa, nampa mkono mjomba wako, alifanya la kiume. Lakini mikorosho? Angeweza kuificha karatasi na bado akasema, kaka, tugawane nusu kwa nusu, na wa matawi ya chini ubaki kwetu. Angekubali yule. Nilimwona alivyorudi kutoka nyuma ya ghala, angekubali lolote. Nikimwambia hivyo mjomba wako anasema, "Ndiyo maana sikumwomba lolote." Na hapo nanyamaza, kwa sababu kuna kitu katika jibu hilo sikiwezi. Mtu aliye tayari kukubali lolote kwa aibu, ukimchukulia hata nusu, je, ni suluhu hiyo au umemnyang'anya? Sijui. Nikiwa na swala yangu naona mjomba wako kapatia. Nikipita barabarani pale naona kakosea. Usinilazimishe niseme, maana nikisema leo nitasema kwa uchungu wa ule mti.

Wewe lakini huna haja ya kungoja mimi na mjomba wako tumalize. Mali huhitaji kutoa. Kiasi mnachotuma hakuna aliyesema kipunguzwe wala kiongezwe, isipokuwa mkiona wenyewe. Zile picha, zifute kundini kama bado zinafutika. Wamekwisha kuziona, najua, lakini anayezifuta wanamwona pia. Na usiandike maelezo ya kwa nini umezifuta.

Mumeo usimsukume. Ule ni ukimya wa mtu aliyewekwa kati ya mke na dada. Ukimwambia achague, atachagua, na atakayemchagua hatafurahi nalo. Mwambie tu unataka kwenda Lindi Ijumaa moja, na kwamba huhitaji akusindikize. Basi la alfajiri kutoka Mbagala litakufikisha mchana. Usifikie hotelini. Fikia pale pale kwa mama mkwe, ulale chumba kimoja naye, na usiku akitaka kugeuzwa uamke wewe, wifi yako alale. Usiku mmoja au miwili ya namna hiyo itasema mengi ambayo simu haiwezi.

Kama safari haiwezekani mpaka mwisho wa mwezi, kwa sababu ya kazi, basi anza na hili. Pesa ya mwezi huu usimtumie mama mkwe. Mtumie wifi yako, yote, kwa jina lake, ampe mama yake kwa mkono wake. Najua utasema ataila. Mimi simdhanii. Aliyeacha biashara yake kumwogesha mama yake hawezi kushindwa na fungu lenu la mwezi mmoja. Ila kabla ya kutuma mpigie, hata mara tatu, mpaka apokee. Akipokea usianze na radhi, atadhani unataka uthibitisho kwamba umeomba. Muulize mama amelalaje. Kisha muulize pampasi za watu wazima zinauzwa shilingi ngapi hapo Lindi, na kwa wiki zinakwisha ngapi, na dawa, na anayekuja kumnyoosha mguu anachukua kiasi gani. Uwe na kalamu. Andika. Usimkatize hata akipandisha sauti, mwache mpaka amalize mwenyewe.

Mama yako